Fisi Amesimama

Jumapili, kabla ya mchana. Masika yameanza.

Mvua imeanza alfajiri na haijakata. Mlima Hanang umejificha wote, na shamba lililo mbele ya dirisha langu, lililotifuliwa juzi, limekuwa jeusi na linang'aa. Udongo wa huku ukilowa hushika kila kinachoukanyaga: buti, gurudumu, kwato. Nyumba za wafanyakazi ziko kimya kwa sababu wengi wamekwenda kanisani. Mimi nimewaambia majirani kwamba kichwa kinaniuma.

Hakiniumi.

Ninaogopa tu kukaa benchi moja na Mzee Bura, fundi mkuu wetu, ageuke anitabasamie kama alivyonitabasamia jana, halafu nishindwe tena kusema nililoshindwa kusema jana.

Acha niandike kwa utaratibu. Shuleni walitufundisha kwamba swali gumu likiandikwa vizuri limeshajibiwa nusu. Sijui kama waliosema hivyo waliwahi kuogopa.

Mimi ni karani wa karakana ya shamba la ngano. Nilisoma fizikia na hesabu mpaka kidato cha sita, nikapangiwa huku kuandika vipuri vinavyoingia na vinavyotoka na saa ambazo kila trekta limefanya kazi. Kwetu ni Mbulu, kule juu kwenye baridi, ambako ukisimama mlangoni unaona moshi wa nyumba ya shangazi na kusikia anamgombeza nani. Hapa nikisimama mlangoni naona ngano, au mahali ambapo ngano itakuwa. Karakana nzima ni wanaume. Wananiheshimu sana. Nikipita, mazungumzo yanapungua mpaka nimalize kupita. Chai ya saa nne nainywea ofisini, mlango ukiwa nusu wazi, isionekane kwamba nimejitenga, na isionekane pia kwamba nasubiri kuitwa.

Sijawahi kuitwa.

Sasa kuhusu Fisi. Karakana ina lori moja la bridauni, lenye kreni nyuma, la kuvuta matrekta na kombaini zinapokwama. Springi zake za nyuma, zile za vyuma vilivyolaliana, zilikatika chuma kimoja kimoja kwa miaka, na kila kilichokatika kiliondolewa kwa sababu cha kurudishia hakikuwepo. Mwisho lori likakaa chini nyuma na kubaki juu mabegani, ekseli inayoshika magurudumu ikigonga fremu ya chesisi kwenye kila shimo. Ndiyo maana linaitwa Fisi. Hata meneja analiita Fisi. Ukisema "lile bridauni" watu wanakuuliza lipi, ingawa liko moja tu.

Lakini wakati wa masika Fisi ana kazi nyingine. Hakuna gari jingine la shamba linaloweza kupita njia ya Haydom tope likishajaa, kwa hiyo anayezidiwa na ugonjwa hulazwa nyuma ya Fisi, chini ya turubai, na kupelekwa hospitali. Lori lililotengenezwa kuning'iniza trekta halimsikii binadamu mmoja. Kila jiwe la njiani linapita moja kwa moja mpaka kwenye mifupa yake.

Masika yaliyopita, dereva wa Fisi, Gidahoda, alimbeba mke wake mwenyewe akiwa na uchungu. Mama alifika. Mtoto hakufika.

Gidahoda ni Mbarbaig wa upande wa Dirma. Wa kwao walioajiriwa hapa ni wachache, na sababu yake kila mtu anaijua na hakuna anayeisema. Baba yake alikuwa akichunga pale lilipo ghala letu sasa. Yeye mwenyewe aliwahi kunionyesha mara moja tu, kwa kidevu, bila hasira: "Pale palikuwa na maji yetu." Halafu akaomba dizeli.

Aliporudi kutoka Haydom ile safari, aliliosha lori peke yake. Baada ya siku chache alikuja ofisini kwangu. Watu wengi hukaa mlangoni. Yeye aliingia, akakaa.

"Karani," akasema, "wewe umesoma. Lori linaweza kuwa gumu likivuta kombaini, halafu likawa laini likibeba mtu? Lori lile lile?"

Nilimwambia nitafikiri. Nilisema hivyo ili aondoke, maana nilikuwa nimeanza kulia.

Nilifikiri miezi mingi. Sikuwa na mtu wa kumwambia, kwa hiyo nilifikiri vizuri. Nikatembea jioni kandokando ya mashamba nikijibizana mwenyewe. Jibu lilikuwa limelala pembeni ya barabara karibu na Nangwa: basi la wageni lililopinduka zamani, ambalo nyuma halikuwa na springi za chuma bali mabaluni ya mpira mnene, yanayojazwa hewa ya kompresa. Hewa nyingi, gumu. Hewa kidogo, laini. Dereva anafungua koki anavyotaka.

Mzee Bura aliutazama mchoro wangu wa kwanza kwa muda mrefu, miwani ikiwa puani. Anamfahamu baba yangu, kwa hiyo hanitaji kwa jina langu.

"Binti wa Tluway," alisema, "springi ni kama maksai. Anabeba mzigo na njia anaijua. Hili lako ni kibuyu. Kinabeba, sawa. Nani ataishika ekseli isikimbilie Singida?"

Alikuwa amegusa penyewe. Springi ya chuma hufanya kazi mbili kwa wakati mmoja: inabeba, na inaishika ekseli mahali pake. Baluni hubeba tu. Haliishiki ekseli isiende mbele, isirudi nyuma, isihame pembeni. Nililijua hilo, na mchoro wa pili niliuchora kwa ajili hiyo. Vyuma viwili virefu chini, kila upande kimoja, kutoka chesisi mpaka ekseli, vyenye bushi za mpira kwenye ncha ili viweze kupanda na kushuka. Viwili vifupi juu, vimekaa kama miguu ya mtu aliyechuchumaa, vikutane juu ya difu, lile bonge la gia lililo katikati, ili ekseli isiyumbe kushoto na kulia. Na mnyororo kila upande, wa kuizuia ekseli isining'inie mno gurudumu likitumbukia shimoni. Hata tangi la hewa nililitenga, ili baluni likipasuka lisinyonye hewa ya breki.

Nilijivunia lile tangi. Breki nilizifikiria kuliko kitu kingine chochote.

Nilipokuwa nachora niliwaza jambo ambalo sikulisema kwa mtu. Niliwaza kwamba kazi hii inanibeba. Nina chumba, nina mshahara, nina kitanda cha chuma cha serikali. Lakini hakuna kinachonishika. Nikiondoka kesho, mahali pangu patajazwa kama shimo la barabara, na ngano itaota.

Basi. Mzee Bura akakubali, mabaluni yakafunguliwa kwenye lile basi la Nangwa, na aliyevichomelea vyuma ni Shabani, mtu wa Kondoa. Shabani ana mkono mzuri kuliko wote na anakunywa chai peke yake, kando ya mashine yake ya kuchomelea. Inabidi nieleze kwa nini, kwa sababu hofu yangu yote inatoka hapo.

Karakana yetu ina desturi. Mashine ikishakamilika, kabla haijatoka getini, Mzee Bura anaiombea. Yeye ni mzee wa kanisa, lakini maneno haya si ya kanisani. Ni ya babu zake, ya kule kwetu juu, ambako wazee wakimaliza kikao humtoa mmoja akaiombea nchi mema, na wote wakaitikia. Ananyunyiza maziwa kidogo kwenye magurudumu, anasema, na sisi tunaitikia, Wakristo, Waislamu, wote. Na baraka ikishasemwa, neno baya halisemwi juu ya kitu kile mpaka kimalize safari yake ya kwanza. Ukiwa na la kusema, useme kabla ya maziwa.

Mwaka uliopita kombaini iliombewa, na maziwa hayajakauka, Shabani akasema mkanda wake hautamaliza siku. Haukumaliza. Hakuna aliyesema Shabani alijua. Walisema ameukata kwa mdomo. Hakuna aliyemgombeza wala kumfukuza. Ila kesho yake kwenye chai watu walikaa wakajaza benchi, na kesho kutwa vile vile, na mpaka leo benchi limejaa.

Mimi nilikuwa naiona ile chai kutoka ofisini. Watu wawili katika karakana moja, kila mmoja na kikombe chake, ukuta katikati.

Jana, Jumamosi, Fisi alikamilika.

Gidahoda alimleta mke wake aone. Amekaribia kujifungua tena, ndiyo maana watu walifanya kazi kama wanaofukuzwa. Alikuja na bangili zake za shaba mpaka karibu na kiwiko, vazi lake la ngozi limefungwa juu ya tumbo, akasimama mbali kidogo na lori kama anayemtazama ng'ombe mgeni. Gidahoda akawasha injini, akasubiri hewa ijae, akafungua koki. Mabaluni yakavuta pumzi. Na Fisi, ambaye sisi wote tumemkuta amekaa, akaanza kuinuka nyuma, taratibu, taratibu, mpaka mgongo ukanyooka.

Watu walipiga kelele. Mama yule akacheka, akafunika mdomo, akasema kitu kwa Kibarbaig.

"Anasema nini?" Mzee Bura akauliza.

"Anasema kumbe ni mnyama mwingine," Gidahoda akajibu.

Mzee Bura akashika kibuyu cha maziwa. Akaanza na mimi. Akasema mbele ya watu wote kwamba mchoro huu ni wa binti yetu. Akasema *yetu*. Wote wakanigeukia, na mimi sijazoea kutazamwa, kwa hiyo nikatazama chini.

Ndivyo nilivyoliona.

Chini ya lori, kati ya chesisi na ekseli, kuna bomba la mpira la kupeleka hewa ya breki. Siku zote nimelijua likiwa limelegea, limejikunja kama utumbo. Jana lilikuwa limenyooka. Limekaza. Na lori lilikuwa limesimama tu uwanjani, mahali tambarare, halijaingia shimo lolote.

"Njia iwe laini," Mzee Bura akasema.

"Iwe," wakaitikia.

Nikaelewa yote kwa mara moja. Bomba nilipima mimi. Nilipima lilivyokuwa kwenye lori, nikaona urefu unatosha na unabaki, nikaandika: libaki lile lile. Lakini nilipima Fisi akiwa amekaa. Mnyororo nilipima kwa hesabu, kwa lori lililosimama sawasawa. Bomba nikapima kwa macho, kwa lori tulilolizoea. Hakuna aliyeniuliza, kwa sababu hakuna aliyekumbuka kwamba kile hakikuwa kimo halisi cha Fisi. Tulikizoea kilema chake mpaka tukakipima kama uzima.

"Tope lisimshike."

"Lisimshike."

Gurudumu likitumbukia kwenye shimo lenye kina, ekseli itashuka, na bomba litakatika kabla mnyororo haujakaza. Hewa ya breki itatoka yote. Njia ya Haydom ina miteremko.

"Anaowabeba wafike."

"Wafike," nikaitikia mimi pia. Nilisikia sauti yangu mwenyewe.

Maziwa yalikuwa yameshagusa magurudumu. Nikafunga mdomo. Watu wakanipa mkono, mmoja mmoja, wengine kwa mara ya kwanza tangu nifike. Mmoja akaniuliza kama kwetu kuna baridi kweli kama wanavyosema. Nilijibu. Tulicheka. Nilirudi chumbani nimejaa furaha na nimejaa sumu.

Nimejiambia: nitasema Jumatatu. Nitasema faragha. Nitasema kama ninauliza. Labda bomba litavumilia. Labda mama hatapata uchungu wiki hii. Karani mzuri huahirisha.

Huu ndio ukweli, na nauandika kwa sababu hakuna atakayeusoma: sikunyamaza kwa ajili ya heshima ya Mzee Bura. Nilinyamaza kwa sababu ya ile mikono.

Nasikia injini.

Nazijua injini zote za shamba hili. Jumapili, mvua ikinyesha, ile injini haiwashwi kwa sababu nyingine yoyote.

*

Jioni.

Nguo zangu zinaning'inia kwenye kamba zikidondosha tope. Niendelee pale nilipoachia.

Nilikimbia bila mwavuli na bila kufunga mlango. Uwanja wa karakana ulikuwa na watu wachache. Mke wa Gidahoda alikuwa amekaa juu ya gunia, mgongo ukutani chini ya paa la karakana, na wanawake wawili wa kwao wamemshika huku na huku. Walikuja na mkokoteni wa ng'ombe. Shabani, ambaye hana kanisa la kwenda, alikuwa anafungua geti. Mzee Bura alikuwa amefika moja kwa moja kutoka ibadani, yuko ndani ya koti lake jeusi. Na Fisi alikuwa amesimama katikati, ameinuka, amenyooka, anatetemeka kwa injini. Alikuwa mzuri. Nilichukia jinsi alivyokuwa mzuri.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba binti. Walisema unaumwa."

"Mzee, lisiondoke hivi."

Gidahoda alikuwa ameshaweka mguu kwenye ngazi ya kabini. Hakuushusha.

Mzee Bura hakukasirika. Alisema polepole, kama anayemkumbusha mtoto salamu. "Binti wa Tluway. Jana tulisema. Watu wakaitikia. Hata wewe uliitikia, nilikusikia."

"Niliitikia huku naliona."

"Unaona nini?"

Nilimwambia. Sauti yangu ilikuwa nyembamba na nilianza na sehemu isiyo ya kwanza, nikarudi, nikaanza tena. Bomba la breki. Fisi akiwa amekaa. Fisi akiwa amesimama. Shabani hakungoja nimalize. Aliacha geti, akalala chali kwenye tope, akajisukuma chini ya lori na shati lake safi.

"Limekaza kama kamba ya kuanikia," sauti yake ikatoka huko chini. "Ukilipiga kwa kucha linaimba."

Mzee Bura akanitazama. Mvua ilikuwa inatiririka kwenye ukingo wa kofia yake.

"Ulilijua jana?"

"Ndiyo mzee."

"Kabla ya maziwa, au baada?"

"Katikati."

Chini ya lori Shabani akacheka. Alicheka peke yake. "Katikati ndiko kubaya zaidi," akasema. "Mimi angalau nilisubiri amina."

"Nyamaza wewe," akasema Mzee Bura.

Ndipo Gidahoda akashusha mguu. Hakunitazama. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mke wangu hawezi kusubiri mpaka mmalize hilo shauri. Mseme kinachoweza kufanyika sasa."

Bomba refu zaidi, kama lipo, liko stoo. Stoo imefungwa, na mwenye ufunguo amekwenda Katesh. Niliyajua hayo kuliko mtu yeyote. Lakini kuna kitu nilikuwa nimekifikiria usiku kucha bila kukubali kwamba nakifikiria, nacho kilikuwa tayari mdomoni.

"Tumkalishe," nikasema. "Tutoe hewa arudi alipokuwa, bomba lilegee. Hewa itakayobaki inatosha kwa mtu mmoja, atakuwa laini bado. Halafu tufupishe minyororo, ekseli isiweze kushuka zaidi ya hapo. Aende polepole, kwa sababu nafasi ya ekseli kupanda itakuwa ndogo."

Mzee Bura alivua koti lake la kanisani akanipa nilishike. Akapiga magoti.

Gidahoda akafungua koki. Hewa ikatoka kwa mlio mrefu, na Fisi akashuka nyuma, akakaa. Wale wanawake wawili wakaguna. Nafikiri kwao ilionekana kama tumekiua kitu.

Walipokuwa wanafanya kazi chini, nilisimama na koti mkononi nisijue pa kukaa. Mama yule akapatwa na uchungu. Alinyoosha mkono akakamata kilichokuwa karibu, na kilichokuwa karibu ni kifundo cha mkono wangu. Alikaza. Bangili zake zilikuwa baridi, vidole vyake vilikuwa vya moto. Nilikuwa nimesahau kwamba mtu anaweza kukushika bila kukupa mkono wa salamu. Uchungu ulipopita hakuniachia mara moja. Aliniambia kitu kwa Kibarbaig, maneno machache, akinitazama machoni. Mumewe alikuwa chini ya lori. Hakuna aliyenitafsiria.

Shabani alipitisha bolti kwenye pete ya juu zaidi ya kila mnyororo, Mzee Bura akaikaza kwa mikono yake miwili. Kisha akashika bomba, akalitikisa mbele ya uso wangu. Lilichezacheza. Gidahoda akampandisha mkewe nyuma, juu ya magunia matupu, chini ya turubai, na wale wanawake wakapanda naye. Alipokaa mbele ya usukani aliniita.

"Karani. Ni laini?"

"Ni laini."

"Na breki?"

"Zipo. Lakini usikimbie."

Akaitikia kwa kidevu, kama siku ile aliponionyesha palipokuwa na maji yao. Fisi akatoka getini akiwa amekaa, jinsi tulivyomjua siku zote, na kwenye lile dimbwi la kwanza nje ya geti nilimtazama kwa pumzi moja. Gurudumu lilishuka. Chesisi haikuruka. Turubai lilicheza kidogo tu, kama mtu anayegeuka usingizini. Sikuwahi kuliona lile lori likipita dimbwi lile bila kugonga.

Halafu mvua ikalifunika.

Mzee Bura alichukua koti lake, akalikung'uta ingawa lilikuwa limelowa. Nilitaka kuomba radhi. Nilikuwa nimeshapanga maneno.

"Umenipa vipimo vya mgonjwa," akasema kabla sijaanza, "nikashona nguo ya mzima."

"Nisamehe mzee."

"Na mimi nimelala chini ya lori hilo miaka yote hii. Sikuona." Akavaa koti. "Kesho asubuhi uje na futi."

Hakusema lolote kuhusu maziwa. Hakusema kama neno langu limevunja kitu au halikuvunja. Aliondoka kwa hatua zake fupi kuelekea nyumbani kwake, na mimi namjua vya kutosha kujua kwamba hataligusa tena mpaka lori lirudi. Likirudi salama, itakuwa ni baraka. Lisiporudi, itakuwa ni mimi. Naelewa hivyo ndivyo ilivyo. Sijui kama ni haki, lakini naelewa.

Shabani alikuwa anafunga geti. Alikuwa mweusi kwa tope kuanzia kisogoni mpaka visiginoni.

"Dada Karani," akasema bila kugeuka, "unatumia sukari?"

"Kidogo."

"Basi kesho njoo na kikombe. Kule kwangu benchi halijawahi kujaa."

Sasa ni jioni na Fisi hajarudi. Si ajabu, Haydom ni mbali na njia imeshakuwa mto. Nimesimama dirishani mara nyingi kuliko inavyofaa. Majirani wamerudi kutoka kanisani zamani, na nafikiri wameshasikia, kwa sababu nilipochota maji walinisalimia vizuri mno, halafu mazungumzo yakapungua mpaka nilipomaliza kupita. Labda walikuwa wamechoka tu. Labda nitajifunza kutofautisha.

Kule uwanjani, mahali Fisi alipokuwa amesimama asubuhi, palikuwa pamebaki pakavu, umbo la lori zima. Nilipokuwa nakuja chumbani pakavu pale palikuwa panaliwa na maji kutoka pembeni. Sasa hapapo.

Kifundo cha mkono bado kina alama ya vidole. Narudia rudia yale maneno yake kichwani nisiyasahau kabla sijamuuliza Gidahoda maana yake. Inawezekana alisema ahsante. Inawezekana alisema nimsogezee gunia. Na kama safari hii pia itaishia mtoto kutofika, nitakuwa na uso gani wa kumuuliza?

Sitaliandika hilo zaidi.

Kesho asubuhi nitachukua futi. Akiwa amerudi, nitamwomba Gidahoda ajaze hewa, nitapiga magoti kwenye tope mbele ya watu wote, nami nitalipima bomba lile upya, Fisi akiwa amesimama. Na saa nne nitatoka ofisini na kikombe changu, nitafunga mlango wote.